Watu Watatu Wanaokujua

Siku Nyamizi alipotakiwa kuthibitisha kwamba yupo, alikuwa amesimama pale pale, jasho likimtiririka mgongoni, miguu imevimba kwa foleni, njaa inamkwangua tumbo. Akaambiwa ushahidi huo hautoshi.

Dirisha lilikuwa moja tu, juu ya kilima cha mawe meupe, na nyumba yenye dirisha hilo hakuna aliyewahi kuiona. Ukizunguka nyuma unakuta mawe. Ukirudi mbele unakuta kioo, na nyuma ya kioo karani aliyevaa sweta. Sweta, katika nchi isiyojua baridi! Kwa sweta hilo watu walitambua kwamba hewa anayoivuta imetoka Kule. Na Kule hakukuwa na jina jingine. Watu wa Huku walisema, "Mtoto wa fulani yuko Kule," kisha wakanyamaza kidogo, kama mtu anayevua viatu kabla ya kuingia ndani. Juu ya kichwa cha karani ilining'inia saa ya Kule, nayo haikukubaliana na jua. Huku ikiwa adhuhuri, ile ilisema kesho asubuhi. Barua za Kule zilifika zikiwa na tarehe ambayo Huku bado haijaamka, na walioomba mapema waliambiwa wamechelewa, na waliochelewa waliambiwa mwaka wa masomo haujazaliwa. Mbele ya Nyamizi alisimama mzee mwenye shahada iliyoliwa pembe na mchwa. Alikuwa ameingia kwenye foleni akiwa kijana, akiambiwa arudi wiki ijayo, naye ni mtu mtiifu.

"Cheti?" karani aliuliza.

"Hiki hapa."

"Tafsiri ya cheti?"

"Kimeandikwa kwa lugha yenu tangu mwanzo."

"Ninajua, ninakisoma. Tafsiri yake iko wapi?"

Nyamizi aliitoa. Alikuwa amejifunza kutobishana na Dirisha. Akatoa na karatasi ya mtihani wa lugha, akaipitisha chini ya kioo kwa hasira ya zamani. Mtihani ule aliufanya katika chumba kisicho na madirisha, akizungumza na mashine, akiulizwa aieleze bustani anayoipenda kupumzikia. Kwa lugha hiyo hiyo alifundishwa kila kitu tangu ana miaka kumi na mitatu. Kwa ajili yake alivishwa mfupa shingoni, mfupa wa ng'ombe uliotobolewa, ukipita kutoka shingo hadi shingo, ukilala kwa yeyote aliyekamatwa akisema maneno ya nyumbani kwao. Aliuvaa muhula mzima kwa sababu aliota ndoto kwa sauti bwenini, na ndoto yake haikujua Kiingereza. Sasa wenye lugha walikuwa wakimwuliza kama anaijua. Lugha iliyomla utoto ilikuwa inamdai risiti.

"Sawa," alisema karani. "Bado mashahidi."

"Mashahidi wa nini?"

"Wa wewe. Watu watatu wanaokujua. Wenye vyeo, wenye karatasi ya kiofisi, wenye mhuri. Waandike kwamba wanakujua na kwamba unafaa."

"Wewe si unanijua? Ni mwezi wa saba huu tunaonana."

Karani alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyomkata maini Nyamizi kuliko dharau.

"Dada yangu, mimi nakuona tu. Sijaagizwa nikujue."

*

Alishuka kilima akiwaza. Mtu huzaliwa, hupewa jina, hula, huugua, hupenda, hukosea njia, hurudi. Na muda wote huo anadhani kuishi ni kazi inayojitosheleza. Kumbe kuna daftari mahali fulani ambamo maisha yote hayo hayajaanza hadi mtu mwingine, mwenye mhuri, aandike kwamba yameanza. Nyamizi alikuwa na swali moja tu duniani, nalo lilimtosha. Udongo wa kwao ulikuwa unaota mvi. Mashamba ya mpunga yaliyowalisha watu wa bonde yalikuwa yakifunikwa na ukoko mweupe, kipande baada ya kipande, mwaka baada ya mwaka, na mpunga uliosimama juu yake ulikauka ukiwa ndani ya maji. Vyuo vya Huku vilimfikisha kwenye mlango wa swali hilo, vikamwambia vyombo vya kupimia viliharibika, na mwenye ufunguo wa maabara amestaafu. Vyombo vizima vilikuwa Kule. Hakutaka kuhamia Kule. Alitaka kwenda kuuliza na kurudi kabla bonde halijawa jeupe lote. Nafasi ya masomo ilikuwa moja, kwa mwaka mmoja, na baada ya hapo umri wake, kwa hesabu za Kule, ungepita.

Basi akaenda kutafuta watu wanaomjua.

*

Chuoni, ujia wa walimu ulikuwa umerefuka tangu alipohitimu. Milango iliongezeka, na mingi ilikuwa na majina ya waliokufa, lakini ndani yake ilisikika mihuri ikigonga. Profesa Kagaruki, aliyesimamia tasnifu yake, alikuwa ameketi katikati ya mirundo ya karatasi za mitihani zisizosahihishwa. Mirundo ilifika darini. Alionekana kama mtu aliyetumbukia kisimani akaamua kufungua ofisi huko huko.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kama ni matokeo, bado."

"Si matokeo, Profesa. Nimekuja kuomba barua. Ya Kule."

"Aa, Kule! Safi sana! Wewe si yule wa maji?"

"Wa udongo, Profesa."

"Udongo, udongo, nakukumbuka. Uliandika tasnifu nene."

"Kurasa arobaini."

"Basi ilikuwa nene kwa maneno." Alicheka, na karatasi chache zilimwangukia begani. "Sasa sikiliza, mwanangu. Andika mwenyewe, uilete, mimi nitatia sahihi. Na ujisifu sawasawa, usije ukaniaibisha kwa watu."

"Nijiandikie mwenyewe?"

"Kwani kuna anayekujua kukuzidi? Usinitazame hivyo. Mimi nilipokwenda Kule barua yangu niliiandika mwenyewe, profesa wangu akasaini. Naye alinisimulia kwamba yake aliiandika mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya kazi. Nina wanafunzi mia nne, Nyamizi. Nyamizi, eti?"

"Ndiyo."

"Umeona? Jina ninalo."

Alitoka pale hana kinyongo naye. Kilichomtisha ni ule mnyororo. Profesa hakuandikwa na mtu, na aliyemsainia hakuandikwa na mtu, na kabla yake vivyo hivyo, ukoo mzima wa wasomi ambao tangu chuo kufunguliwa hakuna aliyewahi kukaa chini akamwandika mwenzake. Kila mmoja alijitoa mwenyewe hewani, akagongewa mhuri, akapita.

Madam Ndekwa, mkuu wa idara, alimjibu maneno hayo hayo akiwa anapanda ngazi. Bwana Malimbo, ofisa kilimo wa wilaya, aliyezunguka naye mashambani misimu miwili, alimjibu kwa upole zaidi, ila alimjibu hayo hayo: "Andika wewe, mdogo wangu, wewe una maneno."

*

Kibanda cha kuchapia cha Mfaume kilikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya kunakili na benchi moja. Nyamizi aliketi mchana wa jua kali, akaweka vidole juu ya herufi, akashindwa. Nyumbani kwao mtoto akisifiwa mbele ya wageni hutazama vidole vyake vya miguu. Anayejisifu kwa mdomo wake huonwa kama aliyevua nguo barazani. Aliandika "Nyamizi ni", akafuta. Aliandika tena, akafuta tena. Uso ulimwaka.

Ni nani huyu Nyamizi ninayetakiwa kumjua.

Anaamka, anakwenda, anarudi. Anaogopa mbwa. Anasahau chumvi kwenye mboga, mtu anayechunguza chumvi, anasahau chumvi.

Siwezi kuandika hayo.

Profesa angesema nini kama angenijua. Hapana. Profesa angesema nini kama angekuwa na muda wa kunizua.

Nizuliwe, basi.

Akaacha kumwandika Nyamizi, akamwandika mtu mwingine, na vidole vikakimbia. Katika barua ya Profesa alimwandika mwanamke ambaye katika miaka yote ya masomo hakuwahi kukosea hata kipimo kimoja. Alipoweka nukta ya mwisho, benchi lililia. Mwanamke alikuwa ameketi kando yake, magoti pamoja, nywele zimenyooka, uso ni wa Nyamizi ila hauna kovu la tetekuwanga. Nyamizi hakupiga kelele. Uchovu ukizidi, mtu hana nguvu ya kushangaa. Katika barua ya Madam Ndekwa alimwandika mwanamke mnyenyekevu asiyembishia mwalimu wake. Huyu naye akaja, akaketi ukingoni mwa benchi ili asimbane mtu. Katika barua ya Bwana Malimbo alimwandika kiongozi anayefuatwa na wakulima elfu moja. Huyo hakuketi. Alisimama mlangoni, akawa anaangalia saa.

"Kopi ngapi, dada'angu?" Mfaume aliuliza.

"Tatu."

"Na hawa ndugu zako wanasubiri kupigwa picha?"

"Unawaona?"

"Sasa nisiwaone mimi kipofu? Mmefanana kweli kweli. Ila wenzio wanaonekana wamelala vizuri." Akavuta karatasi kutoka kwenye mashine. "Msimu huu nimeshachapa wengi kama hao. Huwa hawalipi nauli."

Ilibaki barua ya nne, ile ambayo mwombaji anajieleza mwenyewe kwa jina lake. Hapo Nyamizi alipumua. Huu ulikuwa uwanja wake, maana aliandika kama alivyolelewa: huwezi kuingia kwa watu ukaanza na shida zako. Aliwaamkia. Aliwauliza hali zao, na hali za wanafunzi wao, akawapa pole kwa baridi aliyosikia inawasumbua, akawaeleza kwamba Huku ni wazima isipokuwa kiangazi kimekaza. Aliwaomba radhi kwa kuwachosha. Ukurasa mmoja na nusu ulijaa adabu, na mwishoni kabisa, katika mistari minne, kwa sauti ya chini, akaweka udongo wake.

Aliisoma, akaona ni nzuri.

*

Wale watatu walimfuata nyumbani. Mama yake, Bi Kalunde, aliwatazama mmoja mmoja pale uani, kisha akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali. Hakuuliza wametoka wapi. Mgeni haulizwi akiwa bado na vumbi la njia.

Barua zikasainiwa, zikapelekwa Dirishani, na kwa siku zilizofuata Nyamizi alijifunza namna mtu anavyoweza kubanwa nyumbani kwake. Asiyekosea alirekebisha hadithi zake katikati ya sentensi. Anayefuatwa alipokea simu zake. Lakini aliyemuumiza ni Asiyebisha, kwa sababu Bi Kalunde alimpenda.

"Huyu mwenzio anajua kukunja nguo," mama alisema.

"Na mimi najua, mama."

"Unajua, ila unakunja huku unawaza. Yeye anakunja."

Asiyebisha aliinamisha kichwa. "Asante, mama."

"Usimwite mama," Nyamizi alisema.

"Samahani. Nimwiteje?"

Nyamizi akaichukua nguo ile, akaikunja upya. Barua ilisema yule ni binti mwema, na sahihi ya Madam Ndekwa ilikuwa chini yake, na mhuri wa bluu juu ya sahihi. Yeye alikuwa na nini chini yake? Alianza kujishuku. Alijikuta anajitazama kwenye beseni la maji akihesabu makosa, na kila kosa alilolipata lilimwonyesha kwamba yeye ndiye nakala, nakala iliyotoka vibaya, ya wale watatu waliochapwa safi. Huenda mtu si chochote ila rasimu ya barua zake. Huenda Kule wanajua hilo, ndiyo maana hawaombi watu, wanaomba karatasi. Usingizi ulimpungukia, na uso wake, kadiri ulivyokonda, ndivyo watatu walivyonawiri.

Siku jibu lilipofika, lilikuwa na tarehe ya wiki ijayo. Mashahidi wako wametuvutia, lilisema. Mwombaji afike Dirishani kwa mahojiano, akiwa na nafsi yake.

"Twende wote," Bi Kalunde alisema.

"Mama, ni mahojiano. Si posa."

"Watu wasiotujua wanataka kukuchukua wakakae na wewe mbali, na wanataka kukuona kwanza. Niambie posa ni nini." Akafungua sanduku, akatoa khanga mpya, doti nzima, akaoga, akajifunga, akapaka mafuta miguuni. "Sitasema neno. Nitakaa nyuma, waone kwamba umetoka kwa watu."

*

Mchana ule foleni ilisogezwa kando. Kioo cha Dirisha kilikuwa kimewaka mwanga wa kijivu, na ndani yake zilionekana nyuso tatu za Kule, mbali sana, kama nyuso za watu walio chini ya maji ya barafu. Karani aliweka kiti kimoja. Wale wanawake watatu walikikalia chote, namna ambayo watu wa karatasi huweza. Nyamizi alisimama kando yao. Bi Kalunde alipewa kigoda nyuma, akapokea ukaribisho kwa kuinamisha kichwa, mikono mapajani, na yule mzee mwenye shahada akawa anamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani kinachoulizwa.

"Habari za huko," Nyamizi alianza. "Na baridi inaendeleaje?"

"Tumesoma kwamba unatuulizia hali," ulisema uso wa katikati. "Ukurasa mmoja na nusu. Hatujambo. Tuanze. Tuambie, swali lako hili la udongo lilikuanza lini?"

"Tangu utotoni," alisema Asiyekosea bila kuvuta pumzi, "nimekuwa na shauku isiyo na mipaka juu ya sayansi ya udongo na mchango wake kwa maendeleo ya binadamu wote."

"Chini ya uongozi wa walimu wangu," alisema Asiyebisha.

"Na kwa niaba ya wakulima elfu moja," alisema Anayefuatwa.

Nyuso za Kule zilitikisika kwa kuridhika, kalamu zikapita. Nyamizi aliona nafasi ile inakuja, inakuja kama maji kwenye mfereji, na inakuja kwao. Ilimjia pia kwamba angeweza kunyamaza. Wao wangekwenda, naye angekwenda ndani yao, amekunjwa kama nguo. Mtu hupotea kidogo, lakini vyombo vya kupimia anavifikia. Wangapi wamekwenda hivyo? Labda wote. Labda Kule kumejaa watu wa barua, wanasalimiana kwa barua, na wenyewe wenye miili wamekaa Huku kwenye vizingiti vya milango, wanaulizwa na majirani, "Kumbe hujaondoka?"

"Swali la pili," ulisema uso wa kushoto, uliokuwa mdogo na mkali. "Mashamba ya kwenu yalianza kufa upande gani?"

Wale watatu walinyamaza. Asiyekosea hakukosea, alinyamaza tu, maana hapakuwa na mstari. Nyamizi katika kuwaandika hakuwapa udongo hata punje. Aliwapa sifa zote, akawanyima kitu pekee alichokuwa nacho.

"Upande wa mfereji," alisema.

"Nani anasema?"

"Yalianzia kwenye mfereji mkuu, penye maji mengi. Watu walipigania vipande vile, wazee wetu waliviita vipande vya bahati. Vilikufa kwanza. Maji hayakuishia juu, yalipenya chini yakaenda kuiamsha chumvi iliyolala huko, ikapanda nayo. Mpunga ulikufa kwa kushiba. Ninachotaka kujua ni kina kipi chumvi inalala, na nani anaweza kuirudisha ikalale."

Uso mdogo na mkali ulisogea karibu na kioo hadi ukungu wa pumzi yake ukaonekana.

"Wewe ni nani? Katika mashahidi wote watatu, wewe humo."

Nyamizi alikisogelea kioo.

"Mimi ndiye niliyewaandika. Barua zote niliandika mimi. Wao walisaini."

"Kule kwetu huo ni udanganyifu."

"Ninajua."

"Huku kwenu mnauitaje?"

"Tunaita kumpunguzia mwalimu kazi."

Uso wa kulia ulicheka, ukaacha. Wale wanawake watatu walisimama kwa pamoja, wakanyoosha nguo. Hawakuaga. Asiyekosea alipita karibu na Nyamizi bila kumgusa, akaenda akasimama mwisho wa foleni, na wenzake nyuma yake. Na mtu wa mwisho wa foleni, msichana mwenye bahasha mkononi, aliwasogelea akawanong'oneza kitu.

"Tunakupa dakika kumi," ulisema uso wa katikati. "Jibu lako la shamba tumelipenda. Swali la kwanza hujalijibu. Lilikuanza lini?"

Nyamizi alitafuta ndani yake, kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa rafu gizani.

"Sikumbuki," alisema. "Siku zote lilikuwapo."

"Basi mtafute mtu mmoja anayekujua. Mmoja tu. Aseme sasa hivi."

Alipiga simu kwa Profesa Kagaruki. Iliita, ikaita. "Niko kwenye kikao," ilinong'ona sauti ya Profesa, na nyuma yake karatasi zilikuwa zinaporomoka. "Andika tu, mwanangu, andika chochote, nitasaini."

Saa ya Kule ilikula dakika zake. Nyamizi alisimama na simu mkononi, akiwa mtu aliyehudhuria maisha yake yote na hana hata mmoja wa kusema alimwona. Nyuma yake kigoda kililia.

"Mimi namjua," alisema Bi Kalunde.

Alikuwa amesimama, khanga imenyooka, macho yameelekea kwenye kioo. Uso wa katikati uliuliza kitu. Nyamizi alitafsiri moyoni na hakukisema: cheo chake? Uliuliza kingine: ofisi, mhuri? Kisha: anazungumza lugha gani? Karani alijibu kwa niaba yake, taratibu, akitikisa kichwa. Nyuso za Kule ziliinamiana. "Hatuna lugha hiyo," ulisema uso wa kati, bila ukali wowote, na zikatoka moja baada ya nyingine, na mwanga wa kijivu ukazimika. Kioo kilibaki kioo. Karani aliufungua mdomo ili aseme. Nyamizi alimtazama, naye akaufunga.

Kwa maana Bi Kalunde alikuwa ameshaanza. Kwao mtu mzima akisimama kunena watu hutulia kabisa, hawamkatizi wala hawamkodolei macho, na kadiri jambo linavyokuwa zito ndivyo kimya kinavyokuwa kikubwa. Alipoona kimya kile na giza lile juu ya kioo, alijua anasikilizwa na watu wenye adabu. Akashusha sauti yake, akaisawazisha.

"Mmeuliza lilimwanza lini. Yeye hakumbuki, alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa siku tunamzika baba yake. Watu wamejaa, tunalia, jeneza liko mlangoni pa kaburi. Huyu akaniponyoka mkononi. Akaenda ukingoni, akachungulia ndani, akaniita mbele ya waombolezaji wote, kwa sauti: Mama, mbona juu pana udongo mweusi na chini ni mweupe? Nani kaweka mweupe? Wanawake wakashika vichwa. Mimi nikamzaba kofi. Nilimpiga hadi akakaa chini. Nilidhani mtoto hana uchungu na baba yake. Alikaa pale chini bila kulia, akachukua ule udongo uliotolewa, mweusi mkono huu, mweupe mkono huu, akaushika mpaka tumemaliza. Jioni nilimnawisha kwa nguvu."

Alikaza fundo la khanga.

"Hakuuliza tena. Akawa anakwenda mashambani peke yake. Ule mweupe ulipoanza kutoka juu, watu walishangaa. Mimi sikushangaa, nilikwisha kuuona mkononi mwake. Sikumwambia. Mama anaona haya kumwambia mtoto kwamba alimpiga kwa jambo la haki. Basi ninawaambia ninyi. Mimi sina mhuri. Ila huyu ndiye aliyeuliza, na sikumjibu, kwa sababu sijui. Mchukueni mkamjibu."

Akapiga goti kidogo, kama anayekabidhi sahani, akarudi kigodani. Foleni yote ilikuwa imetulia. Yule mzee mwenye shahada iliyoliwa alikuwa amevua kofia. Nyamizi alibaki ameyakazia macho mawe meupe ya kilima, viganja vyake vimejifunga vyenyewe, na shavu lake la kushoto lilikuwa linawaka, jipya kabisa, baada ya miaka kumi na minane.

"Wamesikia?" mama aliuliza. "Au nimesema kwa haraka?"

Nyamizi alikigeukia kioo. Kilimwonyesha yeye peke yake, na kovu lake, na nyuma yake mwanamke aliyejifunga doti mpya.

"Wamesikia, mama," alisema. "Wamesikia vizuri."

"Wamesemaje?"

"Wamesema hawakuwahi kupata shahidi kama wewe."

Bi Kalunde aliitikia kwa kichwa polepole, akaridhika, akaanza kuangalia chini ya kigoda kama hakuacha kitu.